Ua la theluji ndani ya kipaketi



Mwezi uliopita mama moja mwenye kuchunga kasa ya kundi lake alifika ku biro yetu na vipaketi vya mbegu ndani ya kitambaa. Juu ya kila kipaketi kuna picha ya ua zuri sana, rangi ya waridi, limechanua katikati ya theluji. Chini wameandika “Rose de Noël hybride”. Mutu aliyeuzisha alipita siku ya soko, akasema Wazungu wanalipa hili ua pesa mingi wakati wa Noeli, juu kwao wakati ule karibu hakuna ua lingine inje. Akasema tena: mukipanda sasa, mwaka kesho munauzisha ku mahoteli ya Goma. Kipaketi kimoja dola 5. Wamama walitoa pesa ya vipaketi vitano, na pesa ile ilitoka ku ile waliyoweka ya kununua mbegu ya viazi. Mama akatuuliza: “Hili ua ni la kweli? Na hii mbegu itaota?”

Ni maulizo mawili, na kila moja iko na jibu lake. Ua ni la kweli kabisa. Lakini ua la namna ile ya picha haliuzwi kwa mbegu, hata kule Ulaya kwenyewe, juu halizai mbegu. Sababu yake si ya maua tu. Inagusa mihindi yetu na makemba yetu, njo maana tumeipa nafasi kubwa hivi.

Ua linalochanua wakati wa baridi

Muti wenyewe unaitwa helebori. Ni muti mufupi, haupite magoti ya mutu, na unaishi miaka mingi pahali pamoja. Kwao ni Ulaya, mpaka upande wa Uturuki. Ile yenye jina kubwa kuliko zote ni Helleborus niger, ile Wafaransa wanaita rose de Noël. Inaota yenyewe ku milima ya Alpi: Uswisi, Austria, Slovenia, kaskazini ya Italia. Si waridi hata kidogo, ni jina tu walilipa. Na lile neno niger ni la Kilatini, maana yake nyeusi, lakini ua lake ni jeupe. Kilicho cheusi ni mizizi.

Kule mwaka haugawanyike kwa mvua na kiangazi kama kwetu. Kuna miezi ya joto na miezi ya baridi kali. Tangu mwezi wa 12 mpaka karibu mwezi wa 3 muchana unakuwa mufupi, maji inaganda, miti mingi inaangusha majani yote. Theluji, ile tunaona mbali ku kilele cha Ruwenzori, kule inaweza kushuka mpaka ku mulango wa nyumba. Na wakati ule njo helebori inachagua kuchanua.

Namna gani haife? Usiku wa baridi kali sana, maji yanapunguka ndani ya shina, muti unalegea na kulala chini kama umepikwa. Asiyeujua atasema umeisha, atachukua jembe aung'oe. Jua likipanda kidogo, maji yanarudi, muti unasimama tena. Unaweza kufanya hivyo mara nyingi ndani ya musimu moja.

Kuna kitu kingine tena. Ku maua mengi, yale majani ya rangi ya ua ni laini, yanadondoka upesi mbele ya siku chache. Ku helebori, kile tunaona kuwa ua ni yale majani magumu ya inje, yale ambayo ku maua mengine yanafunika kitumba na ni ya kijani. Ku helebori yamepata rangi, yako matano, na ni magumu. Majani ya ua ya kweli yamegeuka kuwa vikombe vidogo vya asali vilivyojipanga ndani. Kwa hiyo hakuna kitu cha kudondoka. Nyuki akiisha kupita, yale majani matano yanabaki, yanageuka kijani pole pole, yanaanza kufanya kazi ya jani la kawaida. Ua moja linakaa wiki na wiki. Njo maana linauzika.

Na ni nyuki gani anatembea ku baridi ile? Ni wale nyuki wakubwa wenye manyoya, wanaoweza kutoka hata siku nyuki wa muzinga anakataa. Ku Espania watafiti wawili walipima helebori moja ya porini, Helleborus foetidus, na mwaka 2010 wakaandika walichokiona: ndani ya vikombe vya asali kuna levire, ndugu wa mbali wa ile inachachusha kasiksi. Inakula sukari ya ua, na kwa kula inatoa joto, mpaka ua linazidi hewa ya inje kwa digri kadhaa. Mwenye amewahi kuweka mukono juu ya pipa ya kasiksi inayochachuka anajua joto lile.

Watoto wa jamii mbili

Sasa tufike ku neno “hibridi”, juu ndilo linauzisha kipaketi.

Hibridi ni mtoto wa wazazi wawili wasiofanana. Mutu anaweza kuifanya kwa mukono. Anafungua kitumba cha ua la muti wa kwanza mbele lichanue, anaondoa sehemu za dume, anachukua unga wa dume wa muti wa pili kwa burashi ndogo, anaupakaa ku sehemu ya jike, anafunika, anaandika jina, anangojea. Wale kati yenu waliowahi kufanya kazi ku shamba la mbegu za mihindi, wakikata maua dume ya mistari fulani, wanaijua hii kazi.

Ku helebori kuna hibridi za namna mbili, na hapa tunaomba musome polepole.

Namna ya kwanza ni ile wanaiita Helleborus × hybridus. Alama ile × inaonyesha kwamba ni muchanganyiko. Ni wazao wa helebori za jamii za karibu, zilizochanganywa vizazi vingi ndani ya mabustani ya Ulaya. Zinachanua nyuma kidogo ya rose de Noël, wakati wa Karema, na Wafaransa wanaziita rose de Carême. Hizi zinazaa mbegu vizuri. Kila mbegu iko na kipande cheupe chenye mafuta, sisimizi wanakipenda, wanabeba mbegu mpaka kwao, na kule njo inaota. Shida yake ni moja: watoto hawafanane na mama. Panda mbegu za ua jeusi, utapata jeusi moja, mengine ya rangi ya waridi, mengine meupe yenye madoa, mengine ya rangi isiyo na jina. Tena unangoja kama miaka mitatu mbele uone ua la kwanza.

Namna ya pili ni watoto wa jamii za mbali. Kwa mufano, chukua ile rose de Noël nyeupe ya Alpi, uichanganye na rose de Carême. Watu walijaribu muda murefu, mara nyingi bila kupata mbegu. Moja iliyofaulu inaitwa ‘Walberton's Rosemary’. Ilitoka Walberton, kijiji cha Sussex, kusini ya Uingereza, ku pepinyeri ya David Tristram. Ua lake ni la rangi ya waridi, linatazama mbele badala ya kuinama, na linaanza kuchanua katikati ya miezi ya baridi. Kwa mama lilichukua kutangulia na kutazama watu, kwa baba lilichukua rangi. Tukiangalia picha ya kipaketi, ni ua la namna ile.

Lakini ‘Walberton's Rosemary’ ni tasa. Ni kama nyumbu, mtoto wa punda na farasi, yule ambaye Absalomu alimupanda: ana nguvu, anavumilia, lakini hazai. Sababu iko ndani. Kila kiumbe kiko na maandishi ya kurithi, nusu yametoka kwa mama, nusu kwa baba. Wakati wa kutengeneza mbegu, nusu zile mbili zinapashwa kujipanga mbili mbili, kila moja na mwenzake. Wazazi wakiwa wa jamii za mbali, maandishi hayapatane vizuri, kazi inakwama, na mbegu haitokei. Kwa muuzaji wa maua huu utasa ni faida: muti hautumie nguvu kulisha mbegu, unaendelea kutoa maua. Kwa muuzaji wa vipaketi, ni mwisho wa hadisi. Akikuuzia mbegu ya muti tasa, anakuuzia mtoto wa nyumbu.

Kama hauna mbegu, wanauzidisha vipi?

Njia ya zamani ni kugawa. Unang'oa shina la miaka kadhaa, unalikata vipande vyenye mizizi na macho, unapanda kila kimoja. Kila kipande ni sawasawa kabisa na mama. Lakini helebori haipendi kusumbuliwa, na shina moja linatoa vipande vichache. Haitoshi kwa biashara.

Njia ya sasa inafanyika ku laboratwari. Wanakata kichwa kidogo sana cha chipukizi, wanakisafisha mpaka vijidudu viishe, wanakiweka ndani ya chupa yenye chakula kama gundi laini, chenye sukari na chumvi za mimea, chini ya taa. Kinachipuka, wanakata tena, wanaweka ndani ya chupa zingine. Mwishoni wanakipa dawa ya kutoa mizizi, wanakizoesha hewa ya inje pole pole ndani ya nyumba ya plastiki. Kutoka muti moja wanafika ku maelfu, yote sura moja. Mimea mipya hivi mara nyingi inachungwa na sheria: ku nchi za Umoja wa Ulaya mwenye kuitengeneza anaweza kuiandikisha ku ofisi iliyo Angers, Ufaransa, na kwa miaka 25 hakuna mwengine anayeizidisha kwa kuuzisha bila ruhusa yake. Sasa jiulizeni: mutu mwenye muti wa namna hiyo, angeutia ndani ya kipaketi cha dola 5 ku soko ya huku kwetu?

Kuzidisha bila mbegu kuko na hatari yake. Mama akiwa mugonjwa, vipande vyote ni vigonjwa. Ku helebori kuna ugonjwa mubaya wa virusi: mistari nyeusi inatokea ku majani na ku maua, muti unadumaa. Unaambatana na virusi vinavyobebwa na vidukari, na hakuna dawa. Mwenye pepinyeri anang'oa na kuharibu, basi.

Makemba ni nyumbu wetu

Hapa njo tulitaka kufika. Musifikiri muti tasa ni jambo la Wazungu. Makemba unayokata ku shamba ni hibridi ya jamii mbili za ndizi za porini za Asia, Musa acuminata na Musa balbisiana. Iko na mafungu matatu ya maandishi ya kurithi: mawili ya ile ya kwanza, moja ya ile ya pili. Tatu haigawanyike sawasawa mara mbili. Njo maana unakula makemba bila kukuta mbegu, na njo maana babu zetu waliipanda kwa machipukizi tu. Hakuna mutu aliyewahi kukuuzia kipaketi cha mbegu ya makemba, na angekuletea ungecheka. Helebori ya picha ni hivyo hivyo.

Na hatari ni ile ile. Mnyauko wa bakteria wa ndizi ulionekana Masisi mwaka 2001, na kutoka pale ulitembea sana ku miguu ya machipukizi ya kupeana na ku panga za kuazimana. Chipukizi ni zawadi nzuri, lakini linakuja na magonjwa ya shamba lilikotoka. Mukitaka kuzidisha ndizi bila laboratwari, iko njia ya vumbi la mbao ambayo koperative nyingi zinaweza kufanya: chagua machipukizi ya shina lisilo na ugonjwa, safisha, chonga mizizi na udongo vitoke, vua maganda ya majani moja moja mpaka macho yaonekane, kata kichwa cha kati kwa alama ya musalaba, acha ikauke kidogo kwenye kivuli, zika ndani ya vumbi la mbao lenye unyevu, funika na plastiki. Mbele ya wiki chache macho yanaanza kutoka. Shina moja linaweza kutoa miche makumi. Panga lipitishwe ku moto kila mara unapohama kutoka shina moja kwenda lingine. Hapo hatusamehe.

Mihindi ya hibridi yenyewe ni kama ile helebori ya namna ya kwanza. Inazaa, inaota, lakini watoto hawafanane. Musimu wa kwanza shamba linasimama kama askari. Ukichunga mbegu yake na kuipanda, mingine inakuwa mirefu, mingine mifupi, na mavuno yanashuka. Mwenye kuuzisha hakukuroga, ni tabia ya hibridi. Kwa hiyo mwenye hana pesa ya kununua mbegu kila musimu, afazali achukue mihindi ya kompoziti, ile anaweza kuchagulia mbegu katikati ya shamba lake misimu michache mbele ya kuifanya upya. Hatusemi hibridi ni mubaya. Tunasema hesabu yake inaanza na pesa ya mbegu, kila mwaka.

Kipaketi cha yule mama

Turudie sasa ku vile vipaketi vitano.

Tuseme hata kwamba si ile helebori tasa, tuseme ni mbegu ya rose de Noël ya kawaida. Bado ahadi ya “mwaka kesho” ni uongo, juu ua la kwanza linangojewa kama miaka mitatu. Tena mbegu ya helebori inataka kupandwa ikiwa mupya. Ikikauka ndani ya karatasi inaingia usingizi muzito, na mingi haiamke. Na ili iamke inataka wiki nyingi za joto na unyevu, kisha wiki nyingi za baridi kama ya ndani ya friji. Hata ku milima ya Masisi ao Lubero, baridi yetu inakuja usiku na kuondoka muchana, haikai miezi.

Na kuna jambo ambalo yule muuzaji hakulisema hata kidogo: helebori ni sumu, kuanzia muzizi mpaka mbegu. Inaumiza tumbo na moyo, maji yake yanawasha ngozi, na wenye kuishika ku kazi wanavaa ganti. Kundi la wamama wenye mbuzi na watoto wadogo ndani ya lupango lilipashwa kuambiwa hilo mbele ya bei.

Tulifungua kipaketi kimoja. Mbegu ya helebori ni ndefu kidogo, nyeusi, kama milimita 4 ao 5, na ubavuni iko na ule mustari uliokuwa na mafuta. Zile tulizokuta zilikuwa viduara vidogo, rangi ya kahawia. Tukahesabu 100, tukazitandika juu ya kitambaa chenye maji ndani ya sahani, kama tunavyofundisha kupima mihindi. Ku mihindi, kama siku 7 zimepita na 85 hazijaota, rudisha mbegu kwa mwenyewe. Hizi hatukungoja siku 7. Siku ya ine zilikuwa zimeota karibu zote, kila moja na majani mawili ya sura ya moyo. Ni jamaa ya shu. Shu gani, bado hatujui, na tumesema zisiliwe, juu hatujui zilipakwa dawa gani.

Numero ya telefone iliyoandikwa ku kipaketi haiite. Hakuna etiketi ya SENASEM, hakuna numero ya loti, hakuna tarehe, hakuna jina la kampuni. Mama alisema: “Kama ningeangalia nyuma ya kipaketi badala ya mbele…” Hatukumugombeza. Picha ni nzuri kweli, na sisi wenyewe tuliiangalia muda murefu.

Kamati ya kundi imekubali kujazia ile pesa kutoka ku kasa ya musaada, kidogo kidogo, ili viazi visikose mbegu musimu huu. Vipaketi vine vilivyobaki viko ku biro yetu. Kama mutu amepita kwenu na vile vile, mulete kimoja tulinganishe, na museme ni siku gani ya soko na ni soko gani, ili tuwajulishe wenzetu wa upande ule anakoelekea.